Sauti ya Mlango Wetu

Mwanangu Raya,

Sikuandikii salamu ndefu za kuulizana hali, maana unanisikia nikikohoa chumba cha pili, na mimi nakusikia ukikunja nguo na kuzikunjua tena. Alasiri imeshasaliwa, mamako yuko jikoni anakuandalia vya njiani, na mimi nimejifungia humu na karatasi kama mwanafunzi anayeogopa mtihani. Kesho pale bandarini Mkoani kutakuwa na watu na mizigo, na ami yako Hamad atakuwa anatuharakisha kwa makelele. Nafasi ya kusema sitaipata, na nikiipata nitasema mambo ya begi na chakula. Hayo mamako ameshakwambia yote. Mimi nina mengine.

Nimechoka, Raya. Sikwambii ili unionee huruma. Macho yangu yamekaa mbele ya vioo vya kompyuta tangu ujana, na sasa hata herufi hizi naziona zinacheza. Lakini uchovu ninaousema si wa macho. Ni wa kufanya kazi moja kwa miaka mingi, kwanza kwa kuiharibu, halafu kwa kujaribu kuitengeneza, na kufika mwisho bila kuwa na hakika kama niliitengeneza.

Ulipotuambia kwamba umepata nafasi Dar es Salaam, kwamba mtakaa kubuni kompyuta za wodini, ipi ilie na ipi inyamaze, muuguzi aone nini kwanza na kipi kiweze kungoja, mamako alipiga kigelegele. Mimi nilinyamaza, na uso wako ukabadilika. Ulidhani sikupenda. Sivyo, mwanangu. Nilinyamaza kwa sababu nilijua kazi hiyo umeitoa wapi. Umeitoa humu nyumbani, siku ile ya Bi Mgeni.

Unaijua habari hii, lakini unaijua vipande vipande, kimoja kwa bibi yako, kimoja kwa Hamad, kingine umekiokota mwenyewe kwa watu wazima waliodhani umelala. Nataka uipate nzima, kutoka kwangu.

Nilipokuwa Dar nilifanya kazi kwa watu waliokuwa na programu ya simu, ya kupashana habari na kutumiana picha. Vijana wengi wenye akili tulikaa chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa na kipande chake. Kipande changu kilikuwa kumrudisha mtu. Yaani mtu ameshaiweka simu chini, anakula, anazungumza na mkewe, anasoma. Kazi yangu ilikuwa aichukue tena. Hatukuiita hivyo, bila shaka. Tuliiita kwa majina mazuri. Na sikuwa mtu mbaya, wala wenzangu hawakuwa wabaya. Mkuu wetu alikuwa mtu mpole aliyeuliza habari za wazazi wetu kila Jumatatu na akangoja jibu.

Tulijaribu kengele, filimbi, matone ya maji. Watu walizizoea wakaacha kuzisikia. Basi likizo moja nilipokuja huku kwetu Wesha nikasikia mtu anabisha mlango wetu, huu huu wa mbele wa mti mzito, na nikaona nyumba nzima imegeuza shingo. Bibi yako kaacha kupeta mchele, Hamad kakatisha maneno yake. Hakuna aliyeamua kugeuka. Waligeuka tu. Nikangoja mgeni aondoke, nikatoka nje na simu yangu, nikagonga mlango na kurekodi. Nikagonga tena, taratibu zaidi, kama anavyogonga mtu mwenye adabu.

Nilipoirudisha sauti ile kazini, tukaijaribu kwa watu tuliowaita waje kutusaidia. Wote waligeuka. Mmoja aliinuka kitini kabisa. Wenzangu walinipigia makofi, na mimi nikampigia simu mama yangu. "Mama, mlango wetu umekuja mjini!" Akacheka, akaniombea dua. Hakuelewa vizuri nilichokuwa nikimwambia, na mimi sikumweleza, kwa kuwa furaha yangu ilinitosha.

Sauti ile ikaenda kwenye simu za watu, na kutoka huko ikarudi Pemba. Ikaingia kwenye simu ya Hamad, ya mkewe, na za wanawe wakubwa. Bibi yako macho yalikuwa yameanza kumwacha, lakini masikio alikuwa nayo. Kila simu ilipogonga, aliinuka. "Karibu, pita!" Akashika ukuta, akaburura magoti yake mpaka mlangoni, akafungua, hakuna mtu. Akirudi kukaa, simu nyingine inagonga. Hamad alinisimulia kwa simu huku akicheka mpaka akakosa pumzi: "Jana mama kamkaribisha jini mchana kutwa!" Na mimi nilicheka. Katika yote niliyoyafanya, kicheko kile ndicho ninachokisikia mpaka leo. Mama yangu mzee alikuwa anainuliwa kitini siku nzima na kitu nilichokitengeneza, na mimi nikacheka.

Halafu akazoea. Watu wote huzoea. Akaacha kuinuka.

Wewe ulikuwa hujaanza hata darasa la pili. Tulikuleta kwa bibi yako Ramadhani ile, skuli zikiwa zimefungwa. Mchana mmoja baada ya Adhuhuri watu walikuwa wamejinyoosha kwa swaumu, Hamad amelala ndani, gari yake iko nje kivulini. Ukumbini mlikuwa wewe na bibi yako tu. Simu ya Hamad ilikuwa juu ya meza, na tangu asubuhi ilikuwa ikigonga, kwani kulikuwa na mambo ya mpira.

Bi Mgeni, jirani yetu wa nyumba ya nyuma, alikuwa na mimba kubwa. Mumewe alikuwa amekwenda Kisiwa Panza kwenye maziko. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, na damu. Akakumbuka gari ya Hamad, akajikokota mpaka mlangoni kwetu. Hodi hakuweza kupiga, sauti haikumtoka. Aliegemea mlango akagonga.

Bibi yako aliinua kichwa. "Mtu huyo?"

Ukasema, "Simu ya ami hiyo, bibi. Kaa kitako."

Akakaa. Ikagonga tena, na wewe ukacheka. Halafu kukawa kimya.

Wanawake waliokuwa wakirudi shamba ndio waliomkuta karibu na ua wa nyumba ya tatu, amekaa chini. Wakapiga kelele, Hamad akaamka, wakampakia kwenye gari wakamkimbiza hospitali ya Chake Chake. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Mkunga alimwambia Hamad kwamba pengine hata wangewahi isingekuwa tofauti, na pengine ingekuwa. Hajui. Hakuna anayejua, na mimi nimeishi na hilo "pengine" mpaka limekuwa kama mtu wa nyumbani.

Nilikuja kesho yake. Nilimkuta mama kakaa pale pale ukumbini, hakulala, hajafuturu ila maji. Nikamshika mkono.

"Nilimsikia," akaniambia. "Ule ulikuwa mkono wa mtu, mwanangu. Mie mkono wa mtu naujua. Nikakaa."

Nikamwambia, "Mama, sauti ile niliitengeneza mimi."

"Najua. Si uliniambia mwenyewe, siku ile uliyokuwa na furaha?" Hakunikasirikia. Ningependa angenikasirikia. Akasema tu, "Huyu mtoto asiambiwe neno."

Basi hukuambiwa. Lakini ulipokuwa na miaka kama kumi, tunarudi kutoka chuo cha Kurani, umebeba juzuu yako kifuani, uliniuliza: "Baba, siku ile ya Bi Mgeni, ni mimi niliyemwambia bibi akae?" Nami nikakujibu, "Ulikuwa mdogo, hukumbuki vizuri." Ukaniangalia. Hukuuliza tena, na nikajipongeza moyoni kwamba nimekuondolea mzigo. Sasa naona nilikuachia mzigo ule ule na nikakunyang'anya mtu wa kuuzungumza naye.

Jibu ni hili, Raya. Ndiyo, ni wewe. Ulimwambia bibi yako akae, naye akakaa. Na ulimwambia kile ambacho mtoto yeyote mwenye akili angekisema katika nyumba ile, kwa kuwa siku nzima mlango ulikuwa ukigonga na siku nzima ilikuwa simu. Ulisema kweli kama ulivyoijua. Aliyeifanya sauti ya mtu na sauti ya simu ziwe kitu kimoja ni mimi, nikiwa na akili timamu, na nikapigiwa makofi. Usichukue hata chembe ya jambo hili ukaenda nayo Dar. Kama ni kwa ajili yake ndiyo umechagua kazi ya wauguzi, ichague tena upya kwa sababu nyingine, au iache. Sitaki ufanye kazi ya kulipa kitu usichokopa.

Niliporudi kazini niliomba sauti ile iondolewe. Mkuu wetu alinisikiliza mpaka mwisho, macho yalimlowa kwa kweli. "Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini watu wameizoea. Tukiiondoa wataulizana imekwenda wapi. Tuwape nafasi ya kuibadilisha wenyewe, anayetaka." Wakaweka nafasi hiyo ndani kabisa, mahali ambapo mama yangu asingefika hata kwa kuongozwa. Nikaondoka. Ukisikia watu wanasema niliacha kazi kwa msimamo, usiamini sana. Niliacha kwa sababu kila simu ilipogonga mle chumbani niligeuka kutazama mlango. Sauti yenyewe waliibadilisha baadaye, si kwa sababu yangu. Waliichoka tu.

Kwa Bi Mgeni nilikwenda kuomba radhi. Nilikaa barazani kwake nikamweleza yote, jinsi nilivyorekodi, jinsi tulivyoijaribu. Alinisamehe. Nikarudi mwezi uliofuata nikamweleza tena, na tena baada ya hapo, mpaka siku moja akaniambia, hata bila kuinua macho kwenye ukili wa mkeka aliokuwa akiushona: "Nishakusamehe, kaka. Lakini usije tena kunieleza. Weye ukishanieleza unaondoka mwepesi, mie nabaki na siku ile." Sikuwa nimeliona hilo. Nilidhani namheshimu, kumbe nilikuwa nabisha mlango wake kwa ajili ya haja yangu. Tangu hapo namsalimu njiani, namuuliza hali, basi.

Kosa jingine unalijua, maana wewe ndiye uliyelikamata. Tulipohamia huku moja kwa moja na nikafungua kile chumba changu cha kazi Chake Chake, nilitaka kutengeneza kompyuta isiyomsumbua mtu. Unakumbuka zile mashine kuukuu za skuli yenu nilizozitengeneza upya. Nilizifunga kila mahali. Hakuna sauti, hakuna ujumbe, ukurasa mmoja tu kwa wakati mmoja, na huwezi kufungua kingine mpaka umalize somo. Ikikaribia Magharibi zinajizima zenyewe. Niliwaambia walimu kwamba watoto watatulia. Walimu walifurahi. Mimi nilijiona nimetubu.

Na rafiki yako Zuwena, mama yake yuko Muskati anafanya kazi kwenye nyumba ya watu, na saa anayopata ya kumwandikia mwanawe ni jioni ile, wakati mashine zangu zimeshajizima. Zuwena simu hakuwa nayo. Kabla yangu alikuwa akibaki skuli na kompyuta, anamsubiri mama yake. Baada yangu akawa anasubiri mbele ya kioo cheusi. Hakumwambia mtu ila wewe.

Ulikuja nyumbani na sare yako, hujakaa, ukaniambia: "Baba, umefanya kama ile kampuni yako. Wao waliamua watu watazame. Wewe umeamua watu wasitazame. Hakuna aliyewauliza."

Nilikukaripia. Nilikuambia hujui unalolisema, na chakula cha jioni ile nilikula bila kukuangalia. Hukulia. Ulisubiri nimalize, ukaondoa sahani yangu. Mamako akaniambia, "Umemkaripia kwa sababu kakwambia kweli au kwa sababu kakwambia yeye?" Mamako ukimwoa unaoa na maswali yake.

Ilinichukua muda kwenda skuli kwenu na kukaa kwenye madawati yale madogo. Niliwauliza wanafunzi wanataka nini, na nusu yao walisema wanataka mpira. Nusu nyingine hawakuniamini. Lakini tulikaa, wiki hadi wiki, nawe ukiandika ubaoni. Ndipo ilipotoka ile kompyuta ambayo watu wa nje wanaisifu kana kwamba niliiota peke yangu. Ukiiwasha inakuuliza umekuja kufanya nini, unaandika kwa maneno yako, na maneno yako yanabaki pembeni kwa herufi ndogo, hayakukaripii. Ujumbe unakusanywa, unakuja kwa pamoja wakati ulioutaja mwenyewe. Na kila mtu ana ruhusa ya kumtaja mtu mmoja ambaye akiandika anapita wakati wowote. Zuwena alimtaja mama yake. Wewe ulimtaja bibi yako, ingawa bibi hakuwahi kuandika ujumbe maishani mwake. Nilipokuuliza kwa nini, ulisema, "Akitaka, njia iwepo."

Sitaki kukudanganya kwamba ilikwisha vizuri. Wako waliokaa mwaka mzima mbele ya mashine ile wakiandika "nimekuja kusoma" na wakatazama mpira mpaka kengele. Niliumia, nikataka kufunga tena. Nikakumbuka sahani uliyoiondoa mbele yangu, nikawaacha. Wengine baadaye walikuja wenyewe. Wengine hawakuja.

Huko uendako watakuuliza watu wanakaa muda gani mbele ya kazi yako, na wataandika jibu lako ukutani wakilifurahia. Sijui nikushauri nini. Mimi katika miaka yangu yote sikupata kipimo cha mtu aliyetulia. Nilichoweza ni kwenda alipo, kukaa naye, na kumwona anavyofanya bila kumsaidia. Inachosha sana. Kwa muuguzi itakuchosha zaidi, kwani utakuta mashine kumi zinalia na yeye amezoea zote, kama bibi yako, na moja kati ya zile ina mtu ndani yake. Usimlaumu kwa kukaa kitako. Anza hapo.

Na usidhani baba yako amepona. Juzi mamako alikuwa ananihadithia habari ndefu ya dada yake wa Msuka, mimi nikasema "enhe" na "enhe" huku kidole kinasukuma kioo cha simu. Akanyamaza. Nikainua macho baada ya muda, sikujua hata alinyamazia wapi. Nilimuomba aanze upya, akasema imeshapoa. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akijua jinsi ndoana ile ilivyokunjwa, bado anaimeza. Kwa hiyo ukijikuta umeimeza na wewe, usijidharau.

Naona mwanga unapungua, na mamako ameshaniita mara mbili. Limebaki moja, ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Nitakuandikia kwa simu. Nitajaribu isiwe kila siku. Lakini nitakuandikia nikiona mvua, nikisikia habari ya mtu unayemjua, nikiwa sina la kusema. Ikikukuta kazini, iache. Ikikukuta na wenzako mnacheka, iache. Usinijibu kwa woga kwamba baba anangoja. Leo asubuhi nimezima ile alama inayonionyesha kama umesoma, na ile inayonionyesha kama uko hewani. Hamad alinicheka, akasema sasa nitajuaje kama mtoto yu mzima. Nikamwambia sitajua. Nitakaa bila kujua, kama wazee wetu walivyokaa, na nadhani nitaumia kidogo kila jioni, na maumivu hayo ni yangu, hayakuhusu.

Mamako yeye hajazima, na amesema hazimi. Kwake huyo itabidi ujitetee mwenyewe.

Nakuja tule.

Babako